Uzi wa kifundi: Bolti ya kushika na bolti ya kusukuma. Risasi inaingiaje, ganda linatokaje, na kila moja inakwamia wapi

#1 fundi_chuma

Wakuu, habari za saa hizi. Kila ukifunguliwa uzi wa rifle za kuwindia, hazipiti siku mbili tumeshakuwa mashabiki wa timu: huyu Mauser, yule Remington. Huu naomba tuuweke wa kifundi. Tuangalie chuma kinafanya nini kuanzia risasi inapotoka kwenye magazini mpaka ganda linapodondoka chini.

Bolti (chuma cha kusukuma na kuvuta kwa mkono kinachofunga nyuma ya mtutu) ikivutwa nyuma kabisa, springi ya magazini inainua risasi ya juu mpaka inaegemea midomo, yaani kingo za juu zinazozizuia risasi zisitoke. Ukisukuma mbele, sehemu ya chini ya uso wa bolti inagonga kitako cha risasi na kuianzisha safari. Mpaka hapo bunduki zote ni ndugu. Tofauti inaanzia sentimita chache zinazofuata, pale midomo inapoachia kitako.

Kwenye bolti ya kushika, uso wa bolti umekatwa wazi upande wa chini. Kitako kikiachiwa kinateleza kwenda juu na ukingo wake unaingia nyuma ya kucha (ekstrakta), ndoano inayovuta ganda litoke. Kuanzia sekunde hiyo risasi ni mali ya bolti: ukienda mbele inakwenda, ukirudi inarudi. Baba wa mfumo huu ni Mauser 98, iliyopokelewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898. Kucha yake ni ndefu, chuma cha springi kilicholala ubavu wa kulia wa bolti, kimefungwa kwa pete. Bolti inazunguka ndani ya pete, kucha haizunguki. Ichukueni bolti ya 98 mkononi, sukumeni ncha ya mbele ya kucha taratibu kuelekea nje: mtaona chini yake kuna ulimi mdogo uliokaa kwenye mfuo wa kichwa cha bolti. Kuta za mfuo na ulimi zimelala kwa mshazari. Ganda likigoma kutoka, kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo mshazari unavyoibana kucha ndani zaidi. Haikimbii ukingo, inauma. Sijaona ekstrakta nyingine iliyofikiriwa vizuri namna hii.

Kwenye bolti ya kusukuma, uso umezungushiwa ukuta pande zote kama kisoda. Ukingo hauwezi kuteleza kuingia. Risasi inasukumwa tu, ikiwa huru, mpaka iingie chemba, tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Ni mwisho kabisa, ukikaribia kuinamisha mkono wa bolti, ndipo ekstrakta ndogo inaruka juu ya ukingo na kuushika. Mfano unaojulikana na wengi ni Remington 700 ya mwaka 1962. Ekstrakta yake ni kipande chembamba cha springi kilichopinda nusu duara, kimejificha ndani ya ukuta ule.

Nitarudi kwenye ejekta, kile kinachorusha ganda nje. Wenye ujuzi karibuni, na tafadhali tutaje namba pale tunapozijua.

#2 Nyasi_Ndefu

Asante mkuu. Swali la mtu anayetaka kununua: faida ya kushika inaonekana lini hasa? Maana kwenye kiwanja cha shabaha zote zinaingiza risasi na zote zinatoa.

#3 fundi_chuma

Mkuu Nyasi_Ndefu, inaonekana mkono unapokosea. Makosa ya mkono yako mawili na watu huyachanganya.

La kwanza: bolti imepelekwa mbele nusu, ikarudishwa, ikapelekwa tena. Kwa bolti ya kusukuma, risasi ya kwanza imeshatoka kwenye midomo, imelala huru mdomoni mwa chemba. Ukirudi nyuma haifuatani na bolti. Ukija mara ya pili unabeba risasi ya pili, na ncha yake inagonga kitako cha ya kwanza, yaani mahali penye fataki (kiwashio cha baruti). Una risasi mbili kwenye njia ya mmoja. Hapo ni kufungua kifuniko cha magazini au kuchomoa magazini, kuinamisha bunduki na kuchokoa kwa vidole. Kwa bolti ya kushika, ukirudi nyuma risasi inarudi nayo, ejekta inairusha chini, unaendelea na inayofuata. Umepoteza risasi moja, hukupoteza bunduki.

La pili: bolti haikuvutwa nyuma mpaka mwisho. Hapa kushika hakukuokoi. Kwenye Mauser, ejekta imekaa sehemu ya nyuma ya risiva (mwili wa bunduki ambamo bolti inatembea), inakutana na ganda pale tu bolti inapomaliza safari. Ukikata safari sentimita moja kabla, ganda bado liko kwenye kucha, na unalirudisha chemba lilelile tupu. Kwenye bolti ya kusukuma yenye ejekta ya springi, ganda litakuwa limeruka mapema, lakini bolti haikufika nyuma ya risasi mpya, kwa hiyo unafunga chemba tupu. Vyovyote vile ukivuta kifyatulio unasikia "ta!" na mnyama anakusikia pia.

Ndiyo maana rifle ya .375 H&H inahitaji mkono uliofunzwa kuliko ya .308 (haya ni majina ya kaliba, yaani aina za risasi). Risasi ya .308 ina urefu wa milimita 71 hivi, ya .375 H&H ni 91.4. Safari ya bolti ni ndefu zaidi kwa kiasi hicho, na mtu aliyezoea fupi ataikata.

#4 Mbuyu77

Naomba niitetee bolti ya kusukuma, kwa sababu kuna maneno yanarudiwa tu.

Moja, eti haiwezi kulisha bunduki ikiwa imepinduliwa juu chini. Chukua rifle ya kusukuma iliyo sawa, weka risasi bandia, ipindue, peleka bolti bila kusita. Inaingia. Midomo iliyokatwa vizuri haiachii kitako mpaka ncha ya risasi imeshaingia mdomoni mwa chemba, kwa hiyo hakuna nafasi ya kudondoka. Itadondoka ukisita katikati, na kusita katikati ni kosa lilelile alilolieleza fundi_chuma hapo juu. Kupindua bunduki si jambo tofauti.

Mbili, usalama wa gesi. Ule ukuta wa Remington haukuwekwa kwa ubahili peke yake. Kichwa cha bolti kinaingia ndani ya tundu lililochongwa nyuma ya mtutu, na mtutu uko ndani ya risiva. Ganda likipasuka kitakoni limezungukwa na pete tatu za chuma. Mauser 98 inayo dawa yake: matundu mawili ya kutolea gesi kwenye bolti na ngao pana nyuma inayokinga jicho. Lakini kitako cha ganda pale kwenye kucha kiko wazi zaidi. Winchester 70 na Springfield 1903, zenye mdomo wa mtutu uliochongwa kama faneli ili risasi iteleze vizuri, zinaacha sehemu kubwa zaidi ya kitako bila ukuta. Faneli ile inasaidia ulishaji na inapunguza kinga. Mtu achague akijua.

Tatu, kuingiza risasi moja moja kwa mkono. Bolti ya kusukuma unaidondoshea risasi moja kwa moja chemba na kufunga. Ukifanya hivyo kwa Mauser ya kijeshi, ncha ya kucha inagonga ukingo kwa mbele na haikubali kuruka. Ukilazimisha kwa kiganja, siku moja ncha inakatika. Ukiwa na haraka, risasi ya nyongeza iingie kupitia magazini: iweke juu, ibonyeze mpaka ikae chini ya midomo, kisha funga.

#5 fundi_chuma

Mbuyu77 nakubaliana nawe kwenye yote matatu. Niongeze kwenye la tatu: zipo kucha za bunduki za kiraia zilizochongwa mshazari upande wa mbele ili ziruke juu ya ukingo, na Winchester 70 za kabla ya 1964 zinaruka. Kujua yako: bolti nje ya bunduki, angalia ncha ya kucha kwa mbele. Ikiwa bapa kama patasi, usilazimishe. Ikiwa imelala mshazari, imekusudiwa. Lakini mshazari peke yake hautoshi. Kucha inahitaji pia nafasi ya kupanuka kati yake na ukuta wa risiva pale mbele. Fundi akichonga mshazari bila kuangalia nafasi hiyo, amepunguza uimara wa ncha na hajapata kitu.

Kuhusu 1964, kwa wasiojua: Winchester waliibadilisha Model 70 mwaka huo, wakaondoa kucha ndefu wakaweka bolti ya kusukuma, kwa sababu ya gharama za kuchonga. Wawindaji walilalamika kwa miaka mingi na kampuni ikairudisha kucha katika miaka ya 1990. Ruger nao: M77 ya 1968 ilikuwa na kucha ndefu ubavuni kama Mauser, ila ilikuwa ya kusukuma na ejekta ya springi! Kushika kwa kweli kulikuja na toleo lake la baadaye, Mark II. Kwa hiyo msinunue kwa kuangalia ubavu wa bolti peke yake. Geuza bolti, angalia uso: uko wazi chini au umezungushiwa?

#6 Kisima_Kirefu

Nije kwenye ejekta, kwa maoni yangu hapa ndipo panaposumbua watu wengi kuliko kucha.

Ejekta ya ulimi: kipande bapa cha chuma kwenye risiva upande wa kushoto nyuma. Kwenye Mauser kinapita kwenye mpasuo uliokatwa katikati ya sikio la kushoto la bolti (masikio ni vibonge vinavyoifunga bolti kwenye risiva). Hakina springi ya kusukuma ganda. Nguvu yake ni mkono wako. Ukivuta taratibu, ganda linatoka taratibu na unaweza kulidaka kwa vidole, jambo zuri kwa anayejaza maganda upya. Ukivuta kwa nguvu linaruka mita mbili. Ubaya wake ni kwamba mkono mlegevu unaweza kuliacha ganda limelala juu ya risasi inayofuata, na bolti ikija mbele inalibana hapo.

Ejekta ya springi: pini ndogo ndani ya tundu kwenye uso wa bolti, springi nyuma yake, pini ya pembeni inaizuia isitoke. Inasukuma kitako muda wote. Mdomo wa ganda ukishavuka pete ya mbele ya risiva, ganda linaruka lenyewe, mkono uwe wa haraka au wa polepole. Uzuri wake ni huo. Ubaya: pini na tundu vina nafasi ndogo sana kati yake, na vumbi la mbugani likichanganyika na mafuta mazito linakuwa kama saruji. Pia risasi zenye shinikizo kubwa hukwangua shaba kidogo ya kitako na kuisukumia tundu lile. Ukiona duara la kung'aa kwenye kitako cha ganda, ukubwa sawa na ile pini, hiyo ni dalili ya shinikizo kupita kiasi. Simamisha matumizi ya risasi hizo kwanza, usafishaji baadaye.

Kuipima: bolti nje, bonyeza pini kwa kitu cha shaba au mbao ngumu mpaka ilingane na uso, achia. Lazima irudi kwa mlio, papo hapo. Ikirudi kwa kujivuta, fungua:

Funga bolti kwenye jiriwa yenye midomo ya ngozi au mbao. Bonyeza pini ya ejekta ndani kidogo ili kuondoa uzito kwenye pini ya pembeni. Toa pini ya pembeni kwa sindano ya fundi inayolingana nayo, kidole kingine kikiwa kimeshikilia ejekta, maana springi inaruka na kuitafuta kwenye majani ni kazi ya siku nzima. Vaa miwani. Safisha tundu kwa kijiti kilichofungwa kitambaa chenye mafuta ya taa au dizeli, rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kausha kabisa. Rudisha pini na springi vikiwa na tone moja la mafuta mepesi ya bunduki lililopanguswa. Grisi hapana.

#7 Nyasi_Ndefu

Mkuu Kisima_Kirefu, rifle yenye ejekta ya springi inachubua midomo ya maganda yangu, kila ganda lina kibonyeo kimoja mahali palepale. Ni ejekta au chemba?

#8 Kisima_Kirefu

Kama kibonyeo kiko mahali palepale kila mara, ni ejekta. Ganda likiwa bado ndani ya risiva, springi inalisukuma ubavuni, mdomo wake unakwaruza ukuta wa kulia wakati bolti inarudi, halafu unagonga ukingo wa dirisha. Paka ukingo wa dirisha kwa wino wa kalamu nene, toa maganda matano, utaona wino umefutika wapi. Kuna wanaokata kozi moja ya springi. Ukikata, kata nusu kozi, jaribu, kisha nusu nyingine, na uwe na springi ya akiba. Kwa rifle ya mnyama hatari usikate kabisa, kibonyeo hakijamuua mtu.

Jambo jingine linalohusiana: mahali ejekta ilipo ukilinganisha na kucha ndipo panapoamua ganda linaelekea wapi. Kucha saa tatu, ejekta saa tisa, ganda linatoka pembeni. Ejekta ikiwa chini, karibu na saa sita, ganda linarushwa kwenda juu, na juu kuna darubini. Ukifunga darubini yenye vitufe vikubwa chini kabisa, ganda linagonga na kurudi ndani. Kabla ya kulaumu bunduki, vua darubini, toa maganda kumi. Yakitoka yote, tatizo ni urefu wa vishikio.

#9 Mlima_Kaskazini

Hakuna aliyegusa magazini, nayo ndiyo nusu ya kazi yote. Kucha nzuri juu ya magazini mbovu haina kazi.

Mauser hakutengeneza sanduku moja la kila risasi. Risasi zinapangwa mbili mbili kwa kupishana, na vituo vya risasi tatu zinazogusana vinatengeneza pembe za digrii 60. Kwa hiyo upana wa ndani wa sanduku ni kipenyo cha ganda mara 1.866. Ganda la .30-06 lina milimita 12 hivi karibu na kitako, sanduku hapo liwe na 22.3 hivi. Mkanda (pete nene ya kitakoni) wa .375 H&H una 13.5, sanduku 25.2. Ganda nene fupi kama .300 WSM, lililokuja 2001, lina 14.1, linataka 26.3. Unapima kitakoni na unapima begani (pale ganda linapoanza kusinyaa kuelekea shingo), kwa sababu ganda limechongoka na sanduku linatakiwa lifuate umbo hilo.

Sanduku likiwa pana mno, risasi zinashuka zikikaribia kuwa sambamba, zinasukuma kuta badala ya kupanda, na ya juu haifiki midomoni kwa pembe sahihi. Likiwa jembamba mno, zinapangana karibu moja juu ya nyingine na inayotoka inaruka nje ya midomo kabla ya wakati. Sasa fikirieni Mauser iliyobadilishwa mtutu kutoka 7x57 kwenda kaliba nene, sanduku likaachwa lilelile. Inalisha risasi mbili vizuri, ya tatu inapiga kichwa chini ya mtutu. Mwenye bunduki analaumu springi.

Midomo yenyewe kwenye Mauser imechongwa kwenye chuma cha risiva. Ukiikata imekatika, hakuna kurudisha isipokuwa kwa kuchomelea. Kwenye magazini ya kuchomoa, midomo iko kwenye magazini yenyewe: ikipinda unanunua nyingine, lakini inapinda kirahisi zaidi, na magazini ikipotea porini umebaki na bunduki ya risasi moja. Tikka T3 ina magazini ya plastiki ambayo risasi zinakaa safu moja katikati. Inalisha laini sana kwa sababu kila risasi inatoka mahali palepale, haina kushoto wala kulia. Kasoro yake ni kina: risasi chache tu, na T3 ya zamani haikutengenezwa kwa kujazwa kupitia juu.

#10 fundi_chuma

Mlima_Kaskazini umegusa panapouma. Dalili nizipange kwa wanaosoma.

Risasi ikiruka juu mbele ya kucha badala ya kuingia nyuma yake: midomo inaachia mapema, au pembe za midomo zimelika, au springi ina nguvu kupita kiasi. Ukifunga kwa nguvu hapo kucha inagonga ukingo.

Ncha ikizama na kugonga ukuta chini ya njia ya kupandia (mteremko unaoiongoza risasi kuingia chemba): midomo inachelewa kuachia, au springi imechoka mbele, au risasi yenyewe ina kichwa bapa ambacho sanduku halikukusudiwa. Vichwa vya risasi ngumu za .458 vyenye pua bapa vinajulikana kwa hili. Ganda la .458 Winchester limenyooka, halina bega la kuliongoza, kwa hiyo lazima pembe ziwe sahihi kabisa. .375 H&H ni kinyume chake: ganda limechongoka toka kitako mpaka bega lenye mteremko mpole, linateleza kuingia na linaachia chemba likianza tu kurudi. Risasi hiyo ni ya 1912 na mpaka leo wabunifu wachache wamefanya vizuri zaidi. Huku Tanzania ndiyo kaliba ya chini inayodaiwa kwa mnyama hatari, na kwa ulishaji tumebahatika.

Njia ya kupandia isikatwe pembe yake. Msasa namba 400 kisha 600, uliozungushwa kwenye kijiti cha mbao, kusugua kuelekea mbele mpaka ing'ae. Unaondoa ukwaruzo tu. Ukiondoa chuma unaondoa egemeo.

#11 Mlima_Kaskazini

Hilo la egemeo litiliwe mkazo kwa wanaotamani Mauser ya urefu wa kawaida ibadilishwe kuwa .375 H&H. Ili 91.4 iingie, sanduku lirefushwe, na chuma kitolewe kwenye njia ya kupandia. Chuma hicho kiko nyuma moja kwa moja ya mahali sikio la chini la bolti linapokaa likifungwa. Kila milimita unayokata pale ni egemeo la sikio limepungua. Mafundi wa zamani wa Uingereza waliokuwa na hela ya mteja waliagiza Mauser ndefu kutoka kiwandani Oberndorf. Rigby, watengeneza bunduki wa London, walizitumia kwa .416 yao ya 1911.

Kwa asiyeweza bei hizo, P14 na ndugu yake M1917, rifle za kijeshi za Vita ya Kwanza ya Dunia, ni ndefu tayari. P14 ilitengenezwa kwa .303, na uso wa bolti yake unapokea ukingo wa 13.7, hivyo ukingo wa 13.5 wa .375 unakaa karibu bila kazi. Kucha ni ya Mauser, pana. Udhaifu wake mmoja unajulikana: ejekta. Ulimi wake una springi bapa iliyokatwa kwenye kipande hichohicho, na springi hiyo inakatika shingoni. Ikikatika, ganda linakuja nyuma, halirushwi, linarudi. Weka ejekta yenye springi ya kuzunguka kabla ya msimu, au walau beba ya akiba.

#12 Ndovu_Mzee

Na .303 yenyewe? Lee-Enfield bado ziko nyingi kwenye maghala.

#13 Mbuyu77

Lee-Enfield ni ya kusukuma, na bolti inafungia nyuma. Inakwenda haraka kuliko zote zilizotajwa humu. Shida yake kubwa ni ukingo wa risasi, kwa sababu .303 ina ukingo uliotokeza. Ukijaza kwa mkono, kila ukingo uwe mbele ya ukingo wa risasi iliyo chini yake. Ukiweka nyuma, bolti ikisukuma ya juu, ukingo wake unakumbatia wa chini na zote mbili zinataka kutoka. Hapo usisukume. Rudisha bolti, chomoa magazini, toa zote, jaza upya. Baada ya kujaza gonga mgongo wa magazini kwenye kiganja, angalia juu: ngazi ya ukingo iteremke kuelekea nyuma kadiri unavyoshuka chini.

Midomo ya magazini yake ni bati. Magazini za bunduki tofauti hazibadilishani hovyo, zilikuwa zinarekebishwa kwa kila bunduki. Ukikuta inayolisha vizuri, iandike namba ya bunduki yake.

#14 Ndovu_Mzee

Nimekusoma mkuu, asante. Na suala la joto? Wazee walikuwa wanasema risasi zikikaa juani ganda linagoma kutoka.

#15 fundi_chuma

Ni kweli kwa baruti ya zamani ya kodaiti. Joto linapandisha shinikizo lake, ganda linatanuka na kubana chemba. Ndiyo sababu .416 Rigby ikapewa ganda kubwa kupita mahitaji: nafasi nyingi ndani, shinikizo la chini, ganda linaachia hata mchana wa Oktoba. Baruti za leo ni tulivu zaidi lakini si zote, kwa hiyo risasi hazikai kwenye dashibodi ya gari.

Na hapo ndipo mvuto wa kwanza unapohusika. Ukiinua mkono wa bolti, shina lake linapanda mteremko kwenye daraja la nyuma la risiva na kuirudisha bolti kidogo kwa nguvu kubwa, kabla hujaanza kuvuta. Hiyo ndiyo inayolikwangua ganda litoke chemba, kucha inashika tu. Bolti ya digrii 90 ina mteremko mrefu na mpole, inakupa nguvu zaidi. Zile za masikio matatu zenye digrii 60 ni fupi mkononi na hazigusi darubini, ila mkono ni mzito na mvuto wa kwanza ni mkali. Angalia kama shina kweli linagusa mteremko. Mikono ya bolti iliyochomelewa upya ikakaa nyuma milimita moja haigusi, na kazi yote inabaki kwa kucha.

#16 Nyasi_Ndefu

Wakuu, mtu akiwa dukani au kwa fundi, ajaribu nini kabla ya kulipa?

#17 Kisima_Kirefu

Nenda na risasi bandia, zisizo na baruti wala fataki hai, zenye urefu na umbo la kichwa kilekile utakachotumia. Kumi zinatosha. Hakikisha kwa macho na kidole kuwa chemba na magazini ni tupu kabla, na mtutu uelekee salama muda wote.

Jaza magazini mpaka mwisho. Wengi wanajaribu na mbili, na mbili karibu kila bunduki inalisha. Tatizo liko kwenye ya juu kabisa ikiwa imejaa, na kwenye ya mwisho kabisa. Lisha zote polepole, kisha zote kwa kasi, kisha kwa kasi kitako cha bunduki kikiwa begani, maana mkono unavuta tofauti ukiwa begani. Fanya raundi tano za kila namna. Kwa .375 na kubwa zaidi, angalia risasi nzima, isiyopigwa, inatoka dirishani bila kugonga. Ganda tupu la 72.4 linapita kirahisi, risasi ya 91.4 ni kitu kingine.

Kwa bolti ya kushika ongeza hili: toa bolti, telezesha risasi bandia chini ya kucha, ishike bolti ikiwa imelala na uitikise kidogo. Risasi ibaki, inyooke, isining'inie. Kisha isukume kwa kidole kuelekea chini, itoke bila kupigana. Ikidondoka, kucha imelegea. Ikihitaji vidole viwili, imekaza mno na itachelewesha kila risasi inayopanda.

#18 Nyasi_Ndefu

Na ikilegea, inapindwa?

#19 fundi_chuma

Inapindwa, lakini ikiwa nje ya bolti. Izungushe kucha mpaka ikae chini ya bolti, mahali ulimi unapotoka kwenye mfuo, isukume mbele itoke. Ibane kwenye jiriwa kwa midomo laini, sehemu ya katikati, pinda ncha ya mbele kuelekea ndani kidogo kidogo, rudisha, jaribu. Ni springi iliyokwisha kupikwa, haitaki moto wala nyundo. Ukiipinda ikiwa kwenye bolti unaifungua pete, na pete ikipanuka itakwaruza risiva kila safari.

Ukimaliza, rudia jaribio la Kisima_Kirefu na risasi zote kumi, si moja. Risasi za kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana unene wa ukingo kiasi cha kukudanganya.